Vidonge vya Asubuhi, Maneno ya Alhamisi

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo, na mdogo wangu amerudi nyumbani. Vyote kwa siku moja. Sijui nilalamikie kipi kwanza.

Naandika humu kwa sababu moja tu. Mdogo wangu ni mtangazaji wa redio. Kipindi chake kinaanza saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, na mji mzima unamwita Kengele kwa ile sauti yake. Mtu huyu anaweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe na ukamshukuru. Mara tatu ameniapia kwamba ameacha kokeini, mara tatu nimemwamini, na kila nilipomkumbusha alichosema alinigeuzia maneno mpaka nikaanza kujishuku mimi. Safari hii naandika, na tarehe naweka. Tuone atageuza nini.

Wiki iliyopita alianguka studio. Fundi mitambo anasema moyo ulikuwa unamwenda mbio hadi shati lilionekana likirukaruka. Mkuu wa kituo akamwekea mambo mawili mbele: tiba au mlango. Amechagua tiba. Daktari kasema asiishi peke yake kwa sasa, ndiyo maana yuko chumba cha nyuma, hapa ninapokaa na Mama.

Mama tumemwambia ni moyo. Si uongo wote.

Alhamisi, Machi 6

Nimemsindikiza kliniki. Dukani nimemwacha Mama Pasi, mwanamke anayeninyooshea nguo. Mimi ni dobi, nina mashine mbili na kikaushio kimoja kinachokohoa.

Daktari ni binti mdogo tu, sauti yake imenyooka kama mstari wa suruali. Aliniambia, "Dada, sitakudanganya. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuponya uraibu wa kokeini. Hiki ninachompa hutumika zaidi kwa kifafa. Kuna watu kimewapunguzia ile hamu, kuna watu hakikuwafanyia kitu. Simpi mtu kidonge peke yake. Kinakwenda pamoja na mazungumzo ya kila Alhamisi, na kupima mkojo."

"Kwa hiyo mnajaribu."

"Tunajaribu, na tunapima."

Angalau huyu hakunipambia maneno. Lakini nimetoka hapo nikijiuliza: dawa ya ugonjwa asio nao, na maneno kwa mtu ambaye kazi yake ni maneno? Kumtibu Kengele kwa mazungumzo ni sawa na kumtibu samaki kwa kumwogesha.

Mshauri ndiye amenitia shaka zaidi. Mzee mrefu, zamani alikuwa mwalimu wa shule, viatu vinang'aa kuliko inavyohitajika. Chumba chake kina viti viwili, feni na saa ya ukutani. Meza hakuna. Kalamu hakuna. Mtu anayesikiliza matatizo ya watu kutwa nzima na haandiki kitu, anakumbuka vipi? Au hasikilizi?

Walikaa ndani dakika hamsini. Mimi nilikaa kwenye benchi la ukumbini, sikio limesimama. Nilisikia kitu kimoja tu: walicheka. Wote wawili. Mwanamume aliyekaribia kufa wiki iliyopita, anacheka.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza mmezungumza nini. "Mambo, dada."

Jumamosi, Machi 8

Nguo hazikauki.

Jumanne, Machi 11

Kila asubuhi kabla hajaenda redioni anameza kidonge mbele yangu, kisha namwambia afungue mdomo, ainue ulimi.

"Dada, unanikagua meno kama vile unaninunua."

"Ningekuwa nanunua ningeshakurudisha."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akikuchekesha tu, umeshasahau ulichokuwa unakitafuta.

Jumatano, Machi 19

Leo hewani amekwama. Alikuwa anawaambia wasikilizaji kwamba mvua haitakatika leo, wasitoke bila… Kimya. "Bila kile… jamani, kile cha kujifunika." Fundi mitambo akamsaidia: mwavuli! Wakacheka studio nzima.

Mimi nilikuwa nimeshika shati la mteja, sikucheka. Kengele, kusahau mwavuli? Mtu aliyeanza kuongea akiwa na miezi minane na hajanyamaza tangu hapo?

Mama, aliyekuwa anasikiliza nyumbani, akanipigia simu dukani akaniuliza, "Mwanangu, huyo mdogo wako kalala vizuri kweli?"

Na suruali zinamlegea. Nimeona ametoboa tundu jipya kwenye mkanda. Mara zile tatu za nyuma, ilianza hivihivi. Anakonda, anapotea katikati ya sentensi, kisha anapotea mwenyewe.

Alhamisi, Machi 20

Nimemfuata. Sioni aibu kuandika.

Alitoka kliniki saa tisa kasoro. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha fundi viatu, najifanya nasubiri ndala. Badala ya kushika njia ya nyumbani, alipita nyuma ya benki na kusimama kwenye baraza ya duka lililofungwa. Akaja mwanamume mnene mwenye koti la mvua la njano. Wakashikana mikono. Mdogo wangu akatoa kitu mfukoni, kitu kidogo sana, akakiweka kwenye kiganja cha yule mtu, na yule naye akampa kitu. Wakaachana bila kuongea kwa kirefu.

Kidogo sana. Kinaingia kati ya vidole viwili.

Nimerudi dukani nimelowa hadi ndani. Mama Pasi akaniuliza nimeona nini, maana uso wangu haufichi. Nikamwambia nimeona mvua.

Jumatatu, Machi 24

Nimempigia mshauri simu. Nikamuuliza moja kwa moja: vipimo vya mdogo wangu vinasemaje?

"Hilo siwezi kukwambia bila ruhusa yake."

"Mimi ndiye ninayemlisha. Mimi ndiye ninayemwamsha."

"Najua, dada. Na nashukuru. Lakini akijua kwamba kila anachosema hapa kinakusubiri nyumbani, ataanza kunisomea taarifa ya habari. Ukitaka kuja mkae pamoja, mwambie. Akikubali, kiti cha tatu nitakitafuta."

Ana adabu. Watu wenye adabu kiasi hicho huniudhi.

Alhamisi, Machi 27

Amekwenda kliniki, nami nimepekua chumba chake. Chini ya godoro, ndani ya viatu, nyuma ya kioo, ndani ya redio ile ya zamani. Kazi yangu ni kupekua mifuko ya watu kabla nguo hazijaingia mashineni; najua mahali watu wanaposahau vitu na mahali wanapoficha vitu, na tofauti yake. Sikupata hata vumbi.

Chumba kisafi hivyo kimenitia wasiwasi kuliko ningekuta kitu.

Jumatano, Aprili 2

Jana alikuwa anasuguasugua vidole. Leo tena. "Kama sisimizi wanatembea," kasema.

Nilimsimulia Mama Pasi. Akaweka pasi chini. "Sisimizi? Binamu yangu naye alianza na wadudu kwenye ngozi. Dada yangu, hao wakianza kuhisi wadudu, ujue unga umesharudi puani."

Orodha yangu: amekonda. Anasahau maneno. Sisimizi. Koti la njano. Hakuna kimoja nilichokizua.

Jumamosi, Aprili 5

Sijui nianzie wapi.

Tulikuwa mezani, saa saba mchana, mvua imebana madirisha. Mama alikuwa anamenya chungwa. Mdogo wangu akasukuma sahani, akasema soda imekuwa na ladha ya chuma. Kitu kidogo tu. Lakini kwangu lilikuwa tone la mwisho, nikasimama.

"Mpaka lini?" nikamwambia. "Mpaka lini utakaa hapa unatufanya wajinga?"

"Dada, nini tena?"

"Nimekuona. Nyuma ya benki. Na yule mnene wa koti la njano. Ulimpa nini? Alikupa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Ulinifuata?"

"Nilikufuata. Na chumba chako nimepekua. Na mkanda wako nimeona. Unaniambia sisimizi! Kwani mimi sijui kokeini inavyofanya watu?"

Neno likatoka. Mbele ya Mama. Nikalisikia likianguka mezani, na sikuwa na namna ya kuliokota.

Mama hakuacha kumenya. Akamaliza ganda lote, akalikunja, akaliweka pembeni. Kisha akasema, "Nilikuwa nasubiri nani kati yenu atanitajia kwanza. Siku ile nilipofanyiwa upasuaji wa macho, huyu alikuwa anifuate saa sita. Nikakaa kwenye benchi la hospitali hadi saa kumi na moja jioni, macho yamefungwa bandeji. Wauguzi wakawa wananidanganya kwamba yuko njiani. Mtu akikaa gizani saa tano, anasikia mengi. Moyo, moyo! Mnadhani mliniziba masikio pia?"

Mdogo wangu akaanza kulia. Si kile kilio chake cha zamani, cha kuomba msamaha kwa sentensi nzuri. Alilia vibaya, pua zinamtiririka, na alipojaribu kusema kitu neno halikuja. Akawa anapigapiga meza kwa kidole, "Ile… ile…", kisha akaenda jikoni, akarudi na boksi la vidonge, akachomoa karatasi ya ndani na kunitupia.

"Soma! Wewe unayesoma mifuko ya watu, soma na hii!"

Akatoka na mlango ukagonga.

Jumapili, Aprili 6

Nimesoma. Maandishi ni madogo kama mayai ya chawa, ikabidi nivae miwani ya Mama.

Kuchoma na kuwasha kwenye vidole. Kupungua uzito. Vinywaji vyenye gesi kubadilika ladha. Kukosa maneno wakati wa kuongea.

Yote manne. Mwezi mzima boksi liko juu ya friji na mimi sikuwahi kulifungua.

Nimemwomba radhi. Alikuwa anapanga viatu. Akasema, "Sawa, dada." Nikamuuliza na yule wa koti la njano ni nani. Akasema, "Ukiomba radhi, omba moja kwanza imalizike."

Ana haki. Lakini hakunijibu.

Jumatano, Aprili 9

Nimeamua nisimkague tena mdomo. Namwekea maji na kidonge mezani, naenda zangu kuoga. Nimejilazimisha. Nimeoga kwa muda mrefu kuliko bibi harusi.

Jumatatu, Aprili 14

Kengele amerudi! Leo kipindi kilikuwa moto. Alimwiga waziri, akamwiga mke wa waziri, akataja majina ya timu kumi bila kupumua. Mama alicheka hadi akakohoa. Mama Pasi aliunguza kola ya mteja kwa kucheka, nami nikaifuta kesi.

Jioni nikamwambia, "Naona maneno yamepata njia ya kurudi."

"Mwili umeizoea dawa, dada."

Nimefurahi. Naandika kwa herufi kubwa nisije nikasahau: NIMEFURAHI. Daftari hili halina kazi tena.

Alhamisi, Aprili 17

Asubuhi nilikuwa natenganisha nguo za nyumbani. Leso zake nne. Leso ya kwanza ilikuwa ngumu katikati, kama imekaushwa na wanga. Nikaifungua. Kuna kitu cheupe kimegandia kwenye uzi. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu. Ya nne.

Nikafikiri ni unga. Nikaulamba, Mungu anisamehe. Mchungu, na una ile ladha ya maganda ya kidonge.

Nikakaa chini kwenye rundo la shuka. Alikuwa anaweka kidonge shavuni mbele ya Mama, anakwenda njiani anakitema kwenye leso. Tangu lini? Leso nne. Tangu nilipoacha kumkagua. Maneno hayakupata njia ya kurudi. Aliyarudisha kwa kuacha dawa.

Nilimpigia saa tatu na dakika tano, kipindi kimeisha. Hakupokea. Saa nne, simu imezimwa. Saa saba nikavaa buti, nikaenda kliniki. Kikao chake kilikuwa saa nane. Nikakaa kwenye benchi. Ikafika nane, nane na robo, nane na nusu.

Mshauri akafungua mlango. Safari hii hakunisubirisha.

"Dada, kuna jambo moja ninaloruhusiwa kukwambia, kwa sababu alilisaini mwenyewe siku ya kwanza: kwamba asipofika, upigiwe simu wewe. Nilikuwa natafuta namba yako. Hajafika."

"Alisaini?"

"Siku ya kwanza. Mbele yangu."

Nikamwonyesha leso. Akaiangalia bila kuigusa, akavuta pumzi. "Alianza kuniambia wiki iliyopita," akasema, "kisha akaniletea mzaha. Nilipaswa kuusukuma ule mzaha pembeni. Nikacheka." Akakaa kwenye kile kiti chake, akawa mzee ghafla.

Simu yangu ikalia. Namba siijui. Sauti nene ya mwanamume: "Wewe ni dada yake Kengele? Tuko hospitali, upande wa dharura. Yuko hai. Njoo taratibu, barabara zimejaa maji."

Sikwenda taratibu.

Mlangoni pa wodi ya dharura, nani amesimama? Koti la njano.

Nilimvaa. Sina maelezo mengine. Nilimshika kola nikampigia kelele mbele ya wauguzi: "Wewe ndiye unayemuuzia! Nimekuona kwa macho yangu! Unamuua halafu unamleta hospitali?"

Hakujitetea. Aliacha nimalize, mvua inamtiririka puani. Kisha akasema, "Mama yangu naye aliwahi kunipiga hivi. Yeye alitumia mwiko." Akanionyesha viganja vyake, vigumu, vyeusi kwenye kucha. "Mimi ni fundi bomba. Mwaka wa nne huu sijagusa. Mshauri ndiye aliyetukutanisha. Siku uliyotuona, alinipa laini yake ya simu ya zamani nikaivunje, ile ambayo wauzaji wanaijua. Nikampa mpya niliyomnunulia, ina namba yangu, yako na ya kliniki tu. Hakutaka kuivunja mwenyewe. Alisema mkono utamsaliti."

Nikaachia kola. Kifungo kilibaki mkononi mwangu.

"Leo," akaendelea, "baada ya kipindi, rafiki wa zamani alimpongeza, akampakia kwenye gari. Amenusa mara moja. Moyo ukaanza tena. Akashuka kwenye foleni, akanipigia."

Akakupigia wewe, nikawaza. Hakunipigia mimi.

Waliniruhusu kuingia. Amelala, waya kifuani, midomo imekauka. Nilikuwa na hotuba nzima. Akaniwahi.

"Dada, nimenusa."

Miaka sita ya jambo hili, na ni mara ya kwanza amelitaja yeye kabla sijalitaja mimi.

Nikamuuliza kwa nini alitema vidonge. Akatazama dari. "Nikifungua mdomo hewani neno lisije… Hujui ilivyo. Unga ulinichukulia vitu vyote, sauti haikuichukua. Halafu kinakuja kidonge cha kunitibu, hicho ndicho kinachoanza kuichukua."

"Ungemwambia daktari."

"Na wewe ningekwambiaje? Ungesema ninatafuta kisingizio."

Ningesema hivyo. Kwa maneno hayohayo.

Jumanne, Aprili 22

Wamemruhusu. Mvua kutwa. Mama amempikia uji, akakaa kitandani kwake anasubiri amalize, kama ana miaka mitano.

Alhamisi, Aprili 24

Kiti cha tatu kimepatikana. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeniambia nije.

Daktari aliingia kwanza, akasimama mlangoni na karatasi. "Kusahau maneno ungeniambia mimi," akamwambia mdogo wangu. "Nilikupandishia dozi haraka. Hilo ni langu. Tunaanza upya na kidogo, tunapanda polepole, na utakimeza jioni. Yakipotea tena tunashuka, au tunaacha kwa mpango, tunajaribu nyingine. Lakini usiache mwenyewe. Dawa hii kuikata ghafla si mchezo."

"Na ikinibidi nichague kati ya dawa na kazi?"

"Hapo tutazungumza. Sijui jibu lake leo."

Akatoka. Namwamini zaidi kila anaposema hajui.

Kisha mshauri akamwuliza mdogo wangu kama anaruhusu nijue vipimo. Akaitikia kwa kichwa. Wiki sita safi. Ya saba ndiyo chafu. Wiki sita! Katika wiki hizo sita nilimfuata, nikapekua, nikampigia kelele, naye alikuwa safi. Wiki niliyomwamini ndiyo aliyoanguka. Niliyasema hayo kwa sauti, nikadhani watacheka. Hawakucheka.

"Dada," mshauri akasema, "ukipekua usipate kitu, unalala?"

"Hapana."

"Na ukipata?"

"Silali pia."

"Basi unapekua ili iweje?"

Nilifungua mdomo. Mimi, si Kengele, nikakosa neno. Kisha yakatoka yasiyo na mpangilio: benchi la Mama, bandeji, mimi nikiingia hospitali jioni ile na kumkuta ameshika mkoba magotini kama abiria aliyeachwa. Nilisema nikipekua najiona kama ninafanya kitu. Nikiacha, nitakuwa nimekaa tu ninangoja kumkuta amekufa.

Mdogo wangu alikuwa anatazama viatu vyake. "Sikujua Mama alikaa pale saa tano," akasema. "Kichwani mwangu ilikuwa kama saa moja."

Sentensi mbili tupu, bila pambo lolote.

Nusu saa iliyobaki walinionyesha wanachofanya huko ndani. Nilidhani wanasimuliana maisha. Kumbe wanahesabu saa za siku kama mafundi: saa gani hamu inakuja, yuko wapi, na nani, anafanya nini dakika kumi za kwanza. Ya kwake inakuja saa tatu na nusu, kipindi kimekwisha, sifa zimekwisha, studio imezimwa taa. Kidonge kikifanya kazi, hamu inakuja na sauti ndogo, anaweza kuijibu. Bila mazungumzo, hajui aijibu nini. Hivyo ndivyo alivyonieleza mwenyewe, akitafuta maneno moja moja.

"Saa tatu na nusu mimi huwa nakunja shuka," nikasema. "Shuka kubwa zinataka watu wawili."

Jumatano, Aprili 30

Amekuja kukunja shuka. Hajui kukunja. Mama Pasi kamwambia shuka lake limefanana na hotuba ya mwanasiasa, refu na halina pembe.

Jumanne, Mei 6

Kaja. Leo alivuta shuka la kwanza kabla hajanisalimu, akaniambia, "Imekuja, dada. Usiniulize kitu, tukunje tu." Tukakunja. Tulikunja hata zile zilizokwisha kunjwa. Dakika ishirini. Ikapita, akanywa maji, akaondoka.

Nikabaki ninamtazama mgongo mpaka kona. Nikajishika nisimfuate. Nilijishika na meza, kweli.

Jumanne, Mei 13

Hewani amesahau neno "kiwanja". Akasema, "Wasikilizaji, neno limenitoroka, likipita kwenu lirudisheni." Watu wamepiga simu asubuhi nzima kumrudishia. Mkuu wa kituo kapenda.

Mimi bado naangalia mkanda wake. Tundu ni lilelile.

Jumanne, Mei 20

Mteja ameleta koti. Mfukoni kuna karatasi iliyokunjwa, nyeupe. Nikaifungua kwa ncha za vidole. Ilikuwa dawa ya nondo. Mama Pasi kasema inabidi na mimi nitafutiwe Alhamisi yangu. Nimemwambia anyooshe nguo.

Kisha nikampigia mshauri. Nina Alhamisi ya saa tano.

Jumapili, Mei 25

Jua siku tatu mfululizo. Nguo zote zimekauka kwenye kamba, hata blanketi.

Daktari kasema anaweza kurudi kwenye nyumba yake, vipimo vikiendelea. Vitano safi tangu ile siku. Mama kamfungia vyombo ambavyo hatavitumia. Tulipomfikisha, fundi bomba alikuwa ameshatangulia, amelala chini ya sinki, miguu tu inaonekana.

Mdogo wangu akanivuta pembeni, akanipa ufunguo. "Wa akiba. Njoo wakati wowote. Usibishe. Pekua unavyotaka, sitauliza."

Nilitamani kuuchukua, sitaficha. Mkono ulishakwenda. Nikaufunga ngumi na kuurudisha.

"Mpe Mama auweke," nikasema. "Mimi nitabisha hodi kama watu wengine."

Jumapili, Juni 1

Nimekwenda kwake asubuhi. Nikabisha.

Kimya. Nikabisha tena. Nikasikia maji yakitiririka ndani, kisha yakakatika. Hatua. Kisha hakuna hatua. Kwa nini zimesimama? Anasogeza nini? Nikaona macho yangu yameshashuka kwenye pengo la chini ya mlango. Nikayainua. Nikamtazama paka wa jirani. Nikamtazama kwa bidii.

Mlango ukafunguka. Kifua wazi, uso umejaa povu la kunyolea, wembe mkononi.

"Dada! Ulikuwa umebisha muda?"

"Muda."

Nilimtazama machoni. Bado nafanya hivyo, na pengine nitafanya mpaka nizikwe. Yalikuwa macho ya mtu aliyeingiwa na sabuni.

"Ingia," akasema, "nimalizie upande mmoja."

Akarudi bafuni na kuacha mlango wazi, anaimba bila maneno. Chumba kizima kilikuwa changu: koti juu ya kiti, droo iliyofunguka kidogo, viatu chini ya kitanda. Nikasogeza koti bila kulipapasa, nikaketi, nikaweka mikono mapajani, nikamsubiri anyoe.